Mitungi Miwili na Maji ya Ukwaju

Mtu akiniuliza siku hizi kwa nini siazimishi tena ile mitungi yangu ya Kichina, humjibu kwa mkato, na anayenijua hushangaa. Mimi si mtu wa mkato. Kazi yangu ni kueleza. Kwa miaka mingi nimewafundisha Kiingereza watu wazima waliohamia huku Marekani, katika ukumbi mmoja wa Langley Park, watu wanaofika darasani wakitoka moja kwa moja zamu ya usiku, macho mekundu, na sijawahi kumfokea hata mmoja. Mtu akikosea jambo lile lile kila wiki, mimi hutafuta mfano mwingine. Naamini hakuna kichwa kigumu, kuna mfano ambao haujapatikana tu.

Basi nianze kwa mfano, maana bila kuijua mitungi yenyewe, hasira yangu itaonekana kichaa.

Wengi wetu tumelelewa na vikombe vya bati. Vile vyeupe vyenye ukingo wa buluu, ambavyo vikianguka havivunjiki ila vinabanduka kidogo, na pale palipobanduka panabaki doa jeusi. Weupe ule si rangi ya kupaka. Ni kioo. Kioo kilisagwa unga, kikapakwa juu ya chuma, kikatiwa tanuri mpaka kikayeyuka na kushikana na chuma. Ndiyo maana hakikwaruziki kirahisi, na ndiyo maana kinabanduka kwa vipande.

Mitungi yangu ni binamu wa vikombe vile, binamu tajiri. Chini ni shaba nyekundu iliyofuliwa kwa nyundo. Juu ya shaba fundi amesimamisha nyaya nyembamba sana, ubapa wake kama ukanda wa karatasi, akizikunja kwa kibano mmoja mmoja mpaka ziwe ua, jani, bawa, wingu. Kila umbo limezungushiwa waya kama ua wa makuti unavyozunguka kiwanja. Ndani ya kila kiwanja ametia unga wa kioo uliolowanishwa, huku wa kijani, huku wa waridi, na katikati ya yote ule wa rangi ya feruzi ambao macho hayachoki kuutazama. Kisha tanuri. Kioo kikiyeyuka kinabonyea, kwa hiyo anajaza tena, anachoma tena, anajaza, anachoma. Mwisho anasugua kwa jiwe mpaka waya na kioo viwe sawasawa, ukipitisha kidole usijue wapi kimoja kimeishia na kingine kimeanza. Ndipo nyaya hupakwa dhahabu.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Mwaka mmoja nilijiandikisha darasa la jioni la ufundi huo huku Wheaton, nikajaribu kutengeneza kisahani cha kuwekea pete. Ua moja lenye petali nne. Nyaya zilinikimbia kwenye kibano kama sisimizi. Nilipolitoa tanurini petali moja ilikuwa imehama na kioo chote kimeingia nyufa, na mwalimu wetu, mzee mpole, akaniambia hongera kwa ua langu la petali tatu. Niliporudi nyumbani nilikaa mbele ya mitungi yangu nikaitazama upya. Maua ya yungiyungi yaliyosokotana na mizabibu kutoka chini hadi juu. Mstari wa mawingu begani. Shingoni majani marefu yaliyochongoka, yamesimama kama mikuki. Na kati ya maua, popo wekundu wanaoruka vichwa chini, maana kwa Wachina popo ni heri. Kila kitu hicho kilikunjwa kwa mkono wa mtu, katika karne iliyokwisha zamani, na mtu huyo hakuandika jina lake mahali popote.

Niliikuta katika nyumba ya marehemu. Nchi hii mtu akifa, au akipelekwa makao ya wazee, watoto hufungua milango yake na watu baki hupita vyumbani wakinunua vijiko vyake. Nilikwenda kutafuta kabati la jikoni. Mitungi ilikuwa sakafuni, pembeni mwa viatu vya mvua, na nilipoinama kuitazama nilisahau kabati. Naomba nieleweke hapa. Kila kitu nilichonunua tangu nifike Marekani kilikuwa na sababu: cha kupikia, cha kujifunika, cha kutuma nyumbani. Mitungi hii ilikuwa kitu cha kwanza nilichokitaka kwa sababu ni kizuri, basi.

Mama yangu, ambaye naishi naye, alipoiona alisema, "Hii ya kutilia nini?"

"Si ya kutilia kitu, mama. Ya kutazama."

"Kwani televisheni imeharibika?"

Haikupita muda watu waliipatia kazi. Wanawake wa Pwani tuliopo huku, wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja, tumehama na desturi zetu za harusi, na jukwaa la bibi harusi lazima lipambwe. Mtu mmoja aliiona sebuleni kwangu, akaiomba. Akaja wa pili. Ikawa harusi yoyote ya kwetu, iwe Laurel au Wheaton, mitungi ile inasimama kulia na kushoto kwa bibi harusi, imejaa maua ya plastiki, na popo wamegeuzwa upande wa ukuta kwa sababu mama mmoja alisema hawezi kumwozesha mwanawe mbele ya popo.

Niliazimisha kwa moyo mweupe. Na kila niliyemwazimisha nilimweleza. Nilimketisha, nikamshikisha mtungi, nikamwambia: hiki ni kioo, si shaba tupu. Usioshe. Usisugue. Hasa usitie kitu kichachu, kwa sababu uchachu hula kioo hiki kama unavyokula meno. Nirudishie na vumbi lake, nitapangusa mwenyewe kwa kitambaa kikavu. Nilieleza kwa furaha, kama ninavyoeleza darasani, na walikuwa wakirudisha mitungi na vumbi kidogo, au imepanguswa tu, na mimi nikaamini kwamba nimeeleweka. Sasa najua kwamba walikuwa wavivu, Mungu awabariki.

Aliyekuja mwaka huu hakuwa mvivu. Alikuwa shoga yangu wa miaka mingi, mwanamke wa Mombasa anayekaa Langley Park, mpishi ambaye watu humfuata kutoka Virginia, ng'ambo ya mto, kwa biriani yake. Alikuwa anamwozesha bintiye wa mwisho. Alipokuja kuchukua mitungi nilimpa maelezo yale yale, yote, na kisahani changu kilichopasuka nikamwonyesha kama mfano. Alikuwa anatikisa kichwa, anacheka. "Haya, shoga, nimesikia. Kioo. Nisioshe."

Na mama yangu, kutoka kochini, akaongeza kwa sauti yake tamu ya kuagia wageni: "Usijisumbue kuosha, mwanangu."

Neno hilo la mama ndilo lililoniua, na sikulisikia likipita.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumapili ya wiki iliyofuata, alasiri, tulikuwa na wageni, mama mmoja wa Kikongo jirani yetu wa ghorofa ya chini na dada mwingine kutoka Laurel. Kahawa ilikuwa imeshamiminwa. Kengele ikalia, akaingia shoga yangu amevaa vizuri, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga mpya. Akakiweka juu ya meza katikati ya vikombe. Akaifungua kanga kama mtu anayefunua uso wa bibi harusi.

"Jamani," akasema, "nimeutoa uchafu wa miaka!"

Nitasema nilichokiona. Nyaya zilikuwa nyekundu, zinang'aa, nyekundu ya sarafu mpya. Dhahabu yote imekwenda. Na katikati ya nyaya hizo, pale palipokuwa feruzi ya kuzama ndani yake, palikuwa na kitu cheupecheupe, kimefubaa, kama jicho lenye mtoto. Petali za chini zilikuwa na vishimo. Bawa moja la popo halikuwepo kabisa, lilikuwa doa la shaba. Mistari ya stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, ilizunguka tumbo la mtungi, mduara juu ya mduara, kwa bidii, bila kuruka mahali. Na ndani ya shingo, kwenye mfuko wa nailoni, visheti, maana chombo cha watu hakirudi kitupu.

"Iko propre kabisa, mama!" akasema yule jirani wa Kikongo, akapiga makofi. "Inaangaza!"

"Mashallah," akasema wa Laurel.

"Ukwaju," shoga yangu akawaambia, ameshika kiuno. "Ukwaju na chumvi, ukalala humo usiku kucha. Bibi yangu alikuwa akisugua masinia ya shaba hivyo hivyo mpaka wajiona uso. Mkono wanuma mpaka sasa, angalia! Wallahi nilikuwa nimekaa chini bafuni kama mtu afuaye madirii."

Wote walinitazama. Ilikuwa zamu yangu. Kwetu kuna jambo la kusema hapo, kila mtoto wa kike analijua kabla hajaota meno: ahsante, umejisumbua bure, Mungu akuzidishie. Mimi nikachungulia nyuma yake, mlangoni. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Mwanangu, mshukuru mwenzio."

"Na ule mwingine uko wapi?" nikauliza.

"Huo nimeuloweka leo asubuhi. Nauacha ukolee, jioni nausugua, kesho n'takuletea. Hiyo sufuria ya biriani niliyolowekea huu nayo ilikuwa ya watu, nimeirudisha, kwa hivyo nimeutia kwenye ndoo."

Nilisimama. Kikombe changu kiliangukia kisahani.

"Twende."

"Twende wapi? Hata kahawa sijanywa."

"Twende kwako. Sasa hivi. Chukua ufunguo."

"We mtoto!" mama akasema. "Una wageni!"

"Mama, wageni wana visheti."

Sijivunii jibu hilo, lakini silirudishi. Nilichukua ufunguo wa gari na koti, na shoga yangu akanifuata akiwaangalia wenzake kama mtu anayeomba ushahidi. Nyuma yetu nilimsikia mama akiwaambia wageni kwamba siku hizi nina presha.

Kutoka Wheaton hadi Langley Park si mbali. Ungeambiwa hivyo na ramani. Lakini barabara ile imechimbwa kwa ajili ya treni mpya muda mrefu kiasi kwamba watoto wamezaliwa na kuanza shule wakiiona na mapipa yake ya rangi ya chungwa. Njia mbili zinageuka moja, basi linasimama mbele yako, watu wanashuka na mifuko, mmoja mmoja, na huwezi kulipita. Kila taa nyekundu niliona uchachu ukifanya kazi. Kioo hakipigi kelele kikiliwa.

"Shoga," akaanza, "huu mwendo wako watisha. Kuna nini?"

"Umeuharibu."

"Nimeuharibu nini?"

"Mtungi. Ule ulioleta umekufa. Nilikwambia ni kioo. Nilikwambia uchachu unakula kioo. Nilikwambia usioshe."

Alinigeukia mzima mzima, mkanda wa gari ukamkaba. "Sasa wanifokea mimi? Mimi niliyepiga magoti bafuni?"

"Nilikwambia usioshe!"

"Kwani nani hasemi usioshe? Kila mtu husema! Juzi nimeazima masinia kwa mama yako, kaniambia usijisumbue. Ningeyarudisha na mafuta ya kuku? Ungenionaje? Mwaka jana nimeazima mazulia kwa yule wa Laurel, kaniambia usijisumbue, yarudishe hivyo hivyo. Nimeyapeleka kufuliwa. Hivyo ndivyo watu waishivyo! Mwenye kitu hunena usioshe, na mwenye adabu huosha. Leo wewe waniambia ulikuwa wasema kweli?"

"Nilikueleza sababu!"

"Ulinieleza huku wacheka. Na mama yako akatia muhuri. Ningejuaje?"

Basi lililokuwa mbele lilifunga milango yake, likaifungua tena kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa anakimbia na mtoto. Nikapiga honi. Mimi, ambaye huwafundisha watu kwamba huku honi ni tusi. Dereva wa basi alinionyesha mkono kupitia kioo chake.

"Haya, mtukane na dereva," shoga yangu akasema. "Naye kaosha nini?"

Sikucheka. Nasema hivyo kwa sababu watu wanaposimuliwa kisa hiki hucheka hapo, na mimi pia najua kinachekesha. Lakini ndani ya gari lile sikuwa na hata chembe ya kicheko. Nilikuwa nikifikiri kwamba nimekaa na watu wangu, nimeongea nao lugha yangu, nimepanga maneno yangu kuanzia rahisi hadi magumu kama ninavyojua kupanga, na maneno hayo yote yamepokelewa kama mtu anavyopokea shikamoo. Darasani mwanafunzi wa Guatemala ambaye hajui sentensi kumi za Kiingereza ananisikia nikisema "usiguse" na hagusi. Shoga yangu aliyekula sahani moja nami hakunisikia, kwa sababu ya adabu. Kama angekuwa mjinga ningemhurumia. Kama angekuwa na kijicho ningejua la kufanya. Ila alikuwa mtu mwema aliyefanya kazi ngumu kwa heshima yangu, na hasira haina mahali pa kukaa juu ya mtu kama huyo, kwa hiyo ilikuwa imejaa garini kote, kwenye usukani, kwenye vioo, kwenye kanga yake.

Nyumba yake iko ghorofa ya pili, ngazi za nje. Nilipanda mbele yake. Alipofungua mlango harufu ya ukwaju ilitupokea kabla ya harufu ya udi.

Ndoo ilikuwa bafuni. Mtungi ule ni mrefu, kiasi cha dhiraa, na ndoo ilikuwa fupi. Ulikuwa umesimama ndani yake kama mtu anayeoga mtoni, maji ya kahawia yamemfika kiunoni, kuanzia hapo kwenda juu yuko nje. Niliingiza mikono, nikautoa, nikauweka chini ya bomba, maji baridi, nikausuuza na kuusuuza mpaka maji yakatoka meupe. Kisha nikaufunga taulo, nikaupangusa taratibu, nikaubeba mpaka dirishani penye mwanga.

Kulikuwa na mstari.

Juu ya mstari, mtungi wangu. Feruzi yake, mawingu yake begani, mikuki ya majani, popo wawili wekundu wanaometa kana kwamba wamelowa. Chini ya mstari, ukungu. Maua yale yale, nyaya zile zile, lakini kama yanaonekana kupitia dirisha la bafu. Na mstari wenyewe ulikuwa mnyoofu kabisa, umezunguka mtungi wote, maana maji hayapindishi.

Shoga yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikuwa nimechoka kueleza, na huenda ilikuwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Akanyoosha kidole, akakipitisha kutoka juu kwenda chini, polepole. Kilipofika kwenye mstari kikasita. Akakirudisha juu. Akakishusha tena.

"Huku juu chateleza," akasema. "Huku chini ni kama ulimi wa paka."

Nikaugeuza mtungi upande wa pili, mstari ukaendelea.

"Na haya mimi sijasugua bado. Ni maji tu."

Akakaa kwenye ukingo wa kochi. Nilidhani atalia, na nilishaanza kukasirika kwa sababu ya machozi hayo kabla hayajatoka, maana nilijua nitalazimika kuyafuta. Hakulia. Alikuwa anafikiri, uso wake umekunjamana kama anapoonja mchuzi uliopungukiwa na kitu. Kisha akainuka kwa haraka ya mtu aliyepata dawa.

"Basi shoga, ngoja. Tuugeuze. Tuutie kichwa chini, nusu hii ya juu nayo iingie, upate kufanana. Si utakuwa pacha na mwenzake kule?"

Na akaunyakua.

Sijui nilipiga kelele namna gani. Nilisema neno moja tu, "Acha!", lakini lilitoka mahali ambapo maneno yangu hayajawahi kutoka. Jirani wa juu aligonga sakafu yake. Mtoto alianza kulia katika nyumba nyingine. Shoga yangu aliganda, mtungi mikononi, kisha akaushusha kidogo kidogo mpaka ukagusa zulia, akauachia, akarudi nyuma hatua moja na mikono yake hewani kama aliyeshikiwa bunduki.

"Sasa," akasema kwa sauti ndogo, "hivyo ndivyo ungenambia siku ile."

Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, na linanikasirisha hadi leo ninapoandika. Kwamba alikuwa amesema kweli. Kwamba nilikuwa na ulimi mtamu na sababu nzuri na kisahani cha mfano, na kilichohitajika ilikuwa ni kupiga kelele kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Nilifunga mtungi kwa taulo lake bila kuomba taulo. Nikashuka ngazi. Hakunifuata, na sikumuaga.

Nyumbani, wageni walikuwa wameondoka. Mama alinipa somo refu. Kwamba mgeni haachwi na kikombe mkononi. Kwamba kitu ni kitu na mtu ni mtu. Kwamba alilelewa katika nyumba ambamo mtu akikuvunjia chungu unamwambia kilikuwa na ufa. Nilimwambia, "Mama, ndiyo maana mlikuwa hamna vyungu." Hatukuzungumza mpaka kesho yake jioni.

Nilimpelekea picha mtu mmoja anayetengeneza vitu vya kale, nikamwuliza kama kuna dawa. Alinijibu kwa upole. Kioo kilicholiwa hakirudi. Anaweza kupaka nta kidogo ili king'ae, na vishimo anaweza kuvijaza, lakini kitakuwa ni kujaza tu. Nilimshukuru, nikasema hapana. Sikutaka kingine cha kung'arishwa.

Nikairudisha mitungi mahali pake, ule mzima nusu na ule mfu, kwenye rafu ya sebuleni. Mama hakuweza kuvumilia mstari ule. Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini nikakuta mtungi wa mstari umevaa sketi. Alikuwa ameufumia kitambaa cheupe kwa kulabu, kimezunguka kiuno kwa utepe, kimeficha nusu yote ya chini. Nilikivua, nikakikunja, nikakiweka juu ya kochi lake. Kesho yake nikakikuta kimevaliwa tena. Nikakivua. Hatukusemezana juu ya jambo hilo. Tulisalimiana vizuri asubuhi, tukala pamoja jioni, na katikati ya siku kila mmoja alifanya lake.

Shoga yangu hakupiga simu, wala mimi. Nilisikia kwa watu kwamba anasema nimebadilika. Wengine walisema mtu mzima anagombana kwa ajili ya mapambo. Mmoja alinipigia kuazima na nilipomwambia siazimishi alicheka, akasema basi atakuja Alhamisi. Ilibidi nimwambie tena kwa sauti niliyojifunza Langley Park. Akakata simu. Nilikaa na simu mkononi, nimekasirika kwamba sauti ile inafanya kazi.

Ikafika Idd. Mama hapokei watu bila kila kitu kuwa na nguo yake, kwa hiyo siku hiyo sketi ilikuwa mahali pake na mimi, kwa kuheshimu siku, niliiacha. Nyumba ilijaa. Nilikuwa jikoni natoa kaimati kwenye mafuta nilipoisikia sauti ya Mombasa mlangoni ikiitikia salamu za kila mtu isipokuwa zangu. Nilitoka na sinia. Tukapeana mikono. "Idd mubarak." "Idd mubarak." Akakaa mbali, karibu na rafu.

Kisha nikamwona anautazama mtungi. Akainuka. Akashika utepe.

"Kanzu hii ya nini?"

"Wacha, mwanangu," mama akasema haraka, "ni urembo tu."

"Urembo gani, mama? Mwataka kuuozesha?" Akauvuta utepe, kitambaa kikaanguka. Wanawake waliokuwa karibu waligeuka. Mstari ulikuwa pale, mbele ya kila mtu, na mtungi wa pili kando yake, umefubaa mzima. Yule dada wa Laurel aliyesema mashallah siku ile alisogeza kichwa kuona vizuri.

"Hii ni kazi yangu," shoga yangu akawaambia. "Huu wote, na huu nusu. Msije mkasikia kwa watu. Niliambiwa nisioshe, nikaosha. Mwaona hapa? Ukwaju. Ukwaju watoa ile rangi ya juu, ule mng'aro wapanda na maji—"

"Si rangi," nikamkatiza. Sauti yangu ilikuwa kali na sikuilainisha. "Nani kakwambia rangi? Ni kioo. Na mng'aro haupandi na maji, unaliwa."

Akageuka, akanitazama, bado ameshika kitambaa cha mama.

"Haya," akasema. "Ni kioo. Njoo basi uwaeleze wewe, mimi wanielewa vibaya."

Nilikuwa bado na hasira naye. Niliweka sinia mezani, nikafuta mafuta mikononi, nikaenda.